Chembe nyeupe zinapotumwa kutafuta maradhi

Goti la bandia linauma mwaka wa pili sasa. Eksirei haioneshi la maana, na vipimo vya damu vinasema tu kwamba mwilini kuna uvimbe. Je, goti limelegea, au vijidudu vimejificha pembeni mwake? Lililolegea hurekebishwa, lenye vijidudu huenda likang'olewa, mgonjwa atumie dawa wiki kadhaa kabla ya kuwekewa jingine.

Njia mojawapo ya kujua ni kuzifuata chembe nyeupe za damu ziendako. Miaka ya 1970 Mathew Thakur na wenzake walionesha kuwa zinaweza kutiwa indiamu 111, yenye mionzi, zikabaki hai. Mwongo uliofuata, Hospitali ya Hammersmith, London, ikazitia teknetiamu 99m, ambayo nusu ya mionzi yake huisha kwa saa 6.

Kazi yenyewe ni ya mikono na subira. Mgonjwa hutolewa damu, mara nyingi mililita 40 hadi 50. Huchanganywa na kimiminika cha kuzamisha chembe nyekundu, kisha bomba la sindano huachwa limesimama wima. Tabaka la juu hunyonywa polepole na kuzungushwa kwenye mashine mpaka chembe nyeupe zitulie chini. Ukizipeleka puta zinaumia, na zilizoumia hukwama mapafuni. Zikishatiwa mionzi, hurudishwa mshipani kwa mwenyewe. Hapo mimi naogopa jina lililoandikwa kwenye bomba kuliko mionzi: damu za wagonjwa wawili zikibadilishana, VVU au homa ya ini huweza kuhama nazo.

Kamera hupiga picha baada ya saa chache, kisha kesho yake. Wengu, ini na uboho huwaka kwa kila mtu. Goti likizidi kukolea siku ya pili, daktari hushuku vijidudu.

Ugumu uko kwenye uvimbe sugu. Nyingi ya chembe hizi ni nyutrofili, zinazokimbilia shambulio jipya. Kifua kikuu cha mifupa hujaa zaidi chembe za aina nyingine, limfositi na makrofaji, na pingili ya mgongo iliyooza huweza kuonekana giza badala ya kung'aa. Kwa hiyo picha safi si cheti cha uzima. Kwa mgongo, madaktari wengi hupendelea kipimo cha PET kinachotumia sukari yenye mionzi. Lakini kwenye goti la bandia sukari hiyo huweza kuwaka hata pasipo vijidudu, na ndiyo maana bado watu hutolewa damu na kurudishiwa.