Herufi nane ndani ya gitaa la babu

NYAMIGOGO. Kwa miaka mingi gitaa lile lilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha mzee, na hakuna mtoto wala mjukuu aliyewahi kuuliza limetengenezwa na nani. Swali lilikuja baada ya mzee kupata kiharusi. Wakati huo, mtu pekee aliyejua jibu hakuweza tena kulitamka.

Kilimpata alfajiri. Mkono na mguu wa kulia viliishiwa nguvu, mdomo ukapinda, maneno yakapotea. Anaelewa anachoambiwa, lakini akitaka kuomba maji hutoka neno jingine, au lisitoke kabisa. Kwa watu wengi lugha hushughulikiwa na upande wa kushoto wa ubongo, na upande huohuo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ndiyo maana kupooza kwa kulia na kupotea kwa usemi mara nyingi huja pamoja.

Gharama zikafuata: nauli, dawa za shinikizo la damu, safari za mazoezi ya viungo. Mbuzi wawili walishauzwa pale mnunuzi wa vitu vya kale alipopita kijijini, akalitazama gitaa na kutamka kwamba ni gitaa la chuma la Kimarekani. Mjukuu mmoja aliingia mtandaoni usiku huohuo na kukuta magitaa ya chuma ya zamani ya National yakiuzwa kwa bei ambayo, ukiigeuza kuwa shilingi, ni mamilioni.

Kikao cha familia kiliitwa. Mtoto mkubwa alitaka liuzwe baba apate matibabu. Baba mdogo alitaka wasubiri, kwa hofu kwamba mnunuzi angewapunja. Walibishana kwa saa nzima huku mzee amekaa palepale kwenye kiti chake, wakimzungumzia kama mtu asiyekuwepo. Kosa hili hutokea katika nyumba nyingi zenye mgonjwa wa kiharusi: aliyepoteza maneno huchukuliwa kuwa amepoteza akili. Bibi ndiye aliyemgeukia na kumuuliza swali la kujibiwa kwa kichwa tu, liuzwe au lisiuzwe. Mzee alitikisa kichwa kukataa.

Hata hivyo, ilibidi kwanza wajue walichonacho.

Jina lenyewe, gitaa la chuma, linababaisha. Kuna gitaa lenye mwili wa chuma, na kuna gitaa linalopigwa kwa chuma. La pili ndilo la zamani zaidi. Asili yake ni visiwa vya Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa kuwa mwanzilishi ni kijana aliyeitwa Joseph Kekuku. Gitaa hulazwa mapajani, karibu kama wazee wa Kagera wanavyoilaza enanga. Mkono wa kulia hukwanyua nyuzi, na wa kushoto hauzibani kwa vidole bali huteleza juu yake na kipande cha chuma. Sauti inayotoka hulia kama mtu.

Mtindo huo ulifika hadi Kongo. Miaka ya 1950 mwanzoni Zacharie Elenga alijulikana Léopoldville kwa jina la Jhimmy wa Hawaii, na baadaye Dokta Nico naye akalipiga gitaa la aina hiyo kwenye santuri ambazo redio za huku zilizipiga sana.

Magitaa yenye mwili wa chuma yalikuja baadaye. Kampuni ya National ilianza Los Angeles mwaka 1927, ikimtegemea fundi John Dopyera na mwanamuziki George Beauchamp. Ndani yake waliweka koni nyembamba za aluminiamu ili sauti iwe kubwa, kwa sababu gitaa la kawaida lilikuwa linamezwa na vyombo vingine kwenye bendi. Mwaka uliofuata Dopyera aliondoka na kuanzisha Dobro pamoja na ndugu zake. Hayo ndiyo magitaa yenye bei aliyoiona mjukuu.

Fundi wa vyombo vya muziki wa Mwanza, ambaye familia ilimtumia picha kwa simu, alianza na jambo jepesi: walete sumaku. Baadhi ya National ni za chuma cha kawaida na sumaku hunasa, nyingine ni za shaba na hainasi, kwa hiyo kipimo hicho peke yake hakitoshi. Lakini hapa hakikuhitajika hata dakika. Mwili wa gitaa la babu ulikuwa wa mbao, umepakwa rangi ya fedha na mtu mwenye brashi nene. Chuma pekee kilikuwa kile kipande kilichovishwa juu ya kijiti cha shingoni ili kuinua nyuzi. Vipande hivyo viliuzwa kando, na mtu aliweza kugeuza gitaa lolote likawa la kulaza.

Ikabaki kujua gitaa lenyewe ni la nani. Jina lililoandikwa kwenye kichwa si ushahidi wa kutosha, fundi alionya, kwa kuwa maduka makubwa yalikuwa yakibandika majina yao kwenye magitaa ya viwanda vingine. Kampuni ya Sears ya Marekani iliuza magitaa ya Supertone na baadaye Silvertone, ambayo mengi yalitoka kiwanda cha Harmony cha Chicago. Hapa kichwa chenyewe kilishakwanguliwa zamani. Tumaini likawa karatasi iliyogundishwa ndani, inayoonekana kupitia tundu la sauti.

Mende walikuwa wameshaila. Zilisomeka herufi nane: TONE juu, na RICA chini. Nyumba nzima ilishangilia. Silvertone, Amerika, mnunuzi alikuwa sahihi!

Fundi aliomba picha nyingine, safari hii tochi ya simu iangaze kwa ubavu na si kutoka juu. Kwenye picha hiyo, kabla ya RICA, kulionekana mguu mmoja uliosimama na vijiti viwili vikielekea kulia. Ilikuwa F. Si Amerika. Ni Afrika.

Gallotone lilikuwa gitaa la bei nafuu kutoka Afrika Kusini, la kampuni ya Gallo iliyofahamika zaidi kwa santuri, na liliuzwa katika nchi nyingi za bara hili. Mtoto wa Liverpool aitwaye John Lennon, kabla ya Beatles, alianza na Gallotone lililoagizwa kwa posta. Mwaka 1999 gitaa hilo liliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni 150,000, ingawa bei hiyo ilikuwa ya mikono iliyolishika na si ya mbao zake. La Nyamigogo, kwa makadirio ya fundi, lingeleta fedha isiyofika hata bei ya mbuzi mmoja. Mnunuzi hakurudi tena.

Kilichomnufaisha mgonjwa kilikuwa kwingine. Tangu mwaka 1973, wataalamu wa Boston walipoeleza tiba ya kuwafundisha wagonjwa wa aina hii kutamka kwa kufuata mahadhi, imekuwa ikifahamika kwamba baadhi ya walioshindwa kusema huweza kuimba. Si wote, na haiji kwa siku moja. Inahitaji mtaalamu wa usemi, nao ni wachache mno vijijini.

(Tukiwa hapo: mwishoni mwa miaka ya 1950 mpiga gitaa Jean-Bosco Mwenda wa Katanga alipelekwa Nairobi kutangaza Aspro, dawa ya maumivu ya kichwa yenye aspirini. Wapo wanaodhani aspirini inafaa kila kiharusi. Kama chanzo ni mshipa uliopasuka, inaweza kuzidisha damu kuvuja. Mdomo ukipinda, mkono ukilegea au maneno yakichanganyika ghafla, mwahishe mgonjwa hospitali bila kumpa dawa yoyote ya nyumbani.)

Gitaa la kawaida mzee asingeliweza. Lakini hili la kulaza, mkono wake wa kushoto, ulio mzima, unahitajika kutelezesha chuma tu. Mjukuu yuleyule aliyetafuta bei mtandaoni sasa hukaa upande wa kulia na kukwanyua nyuzi, na mara nyingi hukosea. Jioni ya tatu ya zoezi hilo alikosea tena, na babu akatoa neno la Kisubi, kamili na wazi, ambalo bibi alikataa kulitafsiri.

Chuma cha kutelezesha hakikupatikana popote. Wanatumia betri kubwa ya tochi iliyokwisha, imefungwa kwa gundi ya karatasi ili isivuje.