Madigadi ya Nyuma: Urembo au Kinga?

Baadhi ya waendesha pikipiki hukata madigadi ya nyuma ili chombo kionekane chepesi na cha kisasa. Wakati wa kiangazi hasara yake haionekani. Lakini wilayani Ngara, kati ya Oktoba na Mei, mvua hugeuza njia nyingi za udongo kuwa matope.

Gurudumu linapozunguka huokota matope na kuyarusha juu na nyuma. Madigadi nzima huyakinga na kuyarudisha chini. Ikikatwa, matope hufunika taa ya nyuma, na dereva wa gari lifuatalo asiione pikipiki gizani. Gunia lililofungwa nyuma nalo hulowa. Kahawa iliyokwisha kukaushwa hadi unyevu wa asilimia 12 ikinyonya maji tena huota ukungu. Jasho la mkulima likapotea kabla ya kufika kwenye mizani ya chama.

Udongo ukiganda kati ya tairi na madigadi, uondolewe kwa kijiti, injini ikiwa imezimwa. Apendaye urembo na apake rangi. Viongozi wa vyama vya msingi wanaombwa kuwaeleza wanachama jambo hili kabla ya mvua.