Kumwondoa Mtu Katika Ardhi Yako: Kwanza Ujue Ni Nani



Wengi wetu hujinyima miaka mingi tupate kiwanja cha kujenga kabla ya kustaafu. Kwa kuwa kazi iko mbali, kiwanja hukaa bila mwenyewe, na siku ya kurudi mtu hukuta mwingine amekwisha kulima au kujenga. Hapo ndipo wengine hukodi vijana wakabomoe. Njia hiyo huweza kumpeleka mwenye mali gerezani. Kwa sheria ya jinai ya hapa Uganda, kuingia katika ardhi kwa nguvu, kwa vitisho au kwa kukusanya kundi kubwa la watu ni kosa, hata kama ardhi ni yako.

Kabla ya kufanya lolote, jiulize: huyu aliyemo ni nani? Sheria haiwahesabu wote kuwa sawa.

1. Mpangaji. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 hairuhusu kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Kumtupia vyombo nje kwa sababu ya deni la kodi si halali.

2. Mtu uliyemwachia mwenyewe. Huyu ni ndugu au mlinzi uliyempa ruhusa ya kukaa. Ruhusa haimpi haki ya mwenye kibanja. Iondoe kwa barua, umpe muda wa kutosha kuhama na kuvuna mazao yake. Akikataa, nenda mahakamani.

3. Mwenye kibanja. Hapa wengi hujikwaa, hasa katika ardhi ya mailo huko Buganda. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 humlinda aliyekaa na kuitumia ardhi kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, bila mwenye hati kumpinga. Humlinda pia aliyeingia kwa kufuata sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928, pamoja na aliyenunua au kurithi haki hiyo. Hati ikiuzwa, haki yake haifi. Tangu marekebisho ya 2010, huyu haondolewi ila kwa kutolipa busuulu, tena kwa amri ya mahakama, na amri hiyo humpa muda usiopungua miezi sita. Anayeshiriki kumtoa bila amri aweza kufungwa hadi miaka saba. Ukitaka ardhi iwe tupu, patana naye na umlipe.

4. Mvamizi. Ni yule aliyeingia bila ruhusa wala haki yoyote. Huyu nawe usimpige wala kumbomolea. Fuata hatua hizi:

(a) Kusanya hati, mkataba wa ununuzi na ramani ya kiwanja, na upate uthibitisho wa ofisi ya ardhi kwamba jina lililo kwenye daftari ni lako.

(b) Mpelekee notisi ya maandishi mbele ya mashahidi, na ubaki na nakala. Mwenyekiti wa LC1 anafaa kuwa shahidi, lakini hana mamlaka ya kumfukuza mtu.

(c) Asipoondoka, fungua kesi. Omba amri ya kumwondoa, pamoja na amri ya kumzuia asiendelee kujenga kesi ikisikilizwa.

(d) Ukishinda, amri hutekelezwa na dalali wa mahakama, polisi wakilinda amani. Wewe mwenyewe usiishike kazi hiyo.

Usikawie. Miaka 12 ikipita tangu haki yako ya kudai ilipoanza, mlango wa mahakama hufungwa. Na wewe unayetaka kununua, usitosheke na kusoma hati tu. Hati humtaja mwenye ardhi, haimtaji aliye na kibanja juu yake. Itembelee ardhi, uulize majirani nani analima pale na tangu lini.

Wengi wetu pia ni wapangaji. Amri hiyo hiyo ya mahakama inayoonekana kumchelewesha mwenye kiwanja ndiyo inayomzuia mwenye nyumba kukutoa usiku na watoto wako.