Samaki wa Chini Wanaofaa Kuishi na Diskasi

Diskasi ni samaki wa mapambo wa jenasi ya Symphysodon, mwenye mwili bapa na wa mviringo kama sahani. Asili yake ni bonde la Mto Amazon, Amerika Kusini, na aliyemweleza kitaalamu kwa mara ya kwanza, mwaka 1840, ni Johann Jakob Heckel wa Austria. Diskasi mzima hufikia sentimita 15 hadi 20. Huogelea polepole katikati ya tangi, huku sakafu ikibaki wazi na masalia ya chakula yakiangukia hapo. Ndiyo maana wafugaji wengi hutamani kumwekea wenzake wa kukaa chini. Wanaofaa ni wachache, na hupatikana kwa kupima mambo manne: joto, aina ya maji, namna samaki huyo anavyokula, na ukubwa atakaoufikia.

Joto ndilo huondoa wengi. Diskasi hustawi kwenye nyuzi 28 hadi 30 za Selsiasi, ilhali samaki wengi wa chini wanaouzwa madukani wamezoea nyuzi 22 hadi 26. Mwili wa samaki hufuata joto la maji yanayomzunguka. Maji yakipanda joto, mwili hufanya kazi kwa kasi zaidi na kuhitaji oksijeni nyingi zaidi, lakini uwezo wa maji kubeba oksijeni hupungua: lita moja ya maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 20 huweza kubeba takriban miligramu 9, na kwenye nyuzi 30 hushuka hadi kama miligramu 7.5. Samaki wa vijito vya baridi hafi siku hiyohiyo. Huhema haraka, huchoka, huugua mara kwa mara na maisha yake hufupika. Kwa sababu hiyo Corydoras paleatus, anayetoka kusini mwa Amazon katika bonde la Río de la Plata, na Corydoras panda wa Peru hawafai kufugwa na diskasi, ingawa ni wapole na wanapatikana kwa urahisi.

Jambo la pili ni maji yenyewe. Diskasi wa porini huishi katika maji laini yenye tindikali. Katika Rio Negro kipimo cha pH hushuka chini ya 5. Waliozaliwa na kukulia kwenye matangi huvumilia pH ya 6 hadi 7 na zaidi kidogo. Hapa ndipo gogogo wa Ziwa Tanganyika, kama Synodontis multipunctatus, wanapokosa nafasi. Wanapendwa na wafugaji wa samaki wa mapambo duniani kote, lakini maji ya ziwa hilo ni magumu na pH yake hukaribia 9. Hakuna maji ya kati yatakayomridhisha gogogo huyo na diskasi kwa pamoja.

Jambo la tatu, namna ya kula, ndilo huleta madhara makubwa zaidi. Ngozi ya diskasi imefunikwa na ute mzito wenye lishe, ambao wazazi huwalisha vifaranga wao katika siku zao za mwanzo. Ute huohuo huwavutia samaki wenye midomo ya kufyonza. Kambare wa jenasi ya Pterygoplichthys, anayeuzwa akiwa mdogo kama msafishaji wa mwani, hukua kupita sentimita 40. Usiku, diskasi wanapotulia, anaweza kuwaganda ubavuni na kukwangua ute. Hubaki vidonda, na kupitia vidonda hivyo bakteria na kuvu huingia mwilini. Gyrinocheilus aymonieri wa Kusini-Mashariki mwa Asia ni hatari vilevile, kwa kuwa kadiri anavyokua ndivyo anavyoacha mwani na kupenda ubavu wa samaki bapa. Hata Otocinclus, ambaye ni mdogo sana, anaweza kufanya hivyo akikosa mwani.

Ukubwa na vurugu huondoa wengine. Chromobotia macracanthus, samaki mwenye milia wa Sumatra na Borneo, huvumilia joto la diskasi vizuri. Tatizo ni kwamba hukua hadi sentimita 30, hupenda kuishi kundini na hula kwa pupa. Diskasi hudonoa taratibu. Akizungukwa na walaji wenye haraka hujibanza pembeni, hukonda na rangi yake huwa nyeusi.

Katika wanaobaki, chaguo bora kwa mfugaji wa kawaida ni Corydoras sterbai, kambare mdogo wa bonde la Mto Guaporé, kwenye mpaka wa Brazili na Bolivia. Hufikia sentimita 6 hivi, huvumilia nyuzi 28 hadi 30, na mdomo wake umeumbwa kwa kupekua mchanga. Huishi kwa makundi, hivyo wasiwe chini ya sita. Changarawe zenye ncha huwaumiza sharubu, kwa hiyo sakafu iwe ya mchanga laini. Mara kwa mara hupanda juu kwa kasi kumeza hewa, kwa kuwa utumbo wao huweza kufyonza oksijeni; nafasi ya hewa iachwe kati ya maji na kifuniko.

Chaguo la pili ni Ancistrus, kambare mwenye vinyweleo puani anayefikia sentimita 12 hivi. Tangi lisipite nyuzi 28 au 29, liwe na gogo la kukwangua, na apewe mboga kama tango. Awe dume mmoja tu, na aondolewe mara akionekana kumganda diskasi. Mwenye uwezo mkubwa wa fedha anaweza kufikiria Hypancistrus zebra wa Mto Xingu, Brazili, anayependa nyuzi 28 hadi 30 na hula zaidi vyakula vya nyama. Brazili imezuia kumsafirisha nje samaki huyo akiwa amevuliwa mtoni, hivyo anunuliwe aliyezalishwa tangini pekee. Mikrogeophagus ramirezi wa bonde la Mto Orinoco naye hupenda joto hilo. Jozi moja inatosha, kwani wakitaga hulinda eneo lao kwa ukali.

Samaki wa chini hawachukui nafasi ya usafi. Koridora, yaani samaki wa jenasi ya Corydoras, hali kinyesi, naye huongeza uchafu wake mwenyewe. Masalia ya chakula, hasa moyo wa ng'ombe uliosagwa ambao wafugaji wengi huwapa diskasi, huoza haraka katika maji ya moto na kutoa amonia. Yafyonzwe kwa mpira kila siku. Samaki wa chini wapewe chakula chao chenye kuzama, taa zikishazimwa.

Kila samaki mpya atengwe kwenye tangi lake kwa wiki nne hadi sita kabla ya kuchanganywa, kwa sababu diskasi hudhoofika upesi wakipata vimelea vya matumbo na matamvua. Akihitaji tiba, ikumbukwe kwamba koridora huathirika zaidi kuliko diskasi kwa chumvi na dawa nyingi. Kwa tangi la lita 300, diskasi sita na koridora sita hadi wanane ni idadi ya kuanzia. Diskasi waingizwe kwanza. Wakishatulia na kula vizuri, ndipo wa chini waongezwe.