Bukavu: Anayekwenda Thailand aanze na karte ya chanjo

Kwa mukaaji wa Bukavu anayejitayarisha kwenda Thailand, safari inaanzia kwenye bega, pale sindano ya homa ya manjano inapopigwa.

Thailand inaomba karte ya kimataifa ya chanjo hiyo kwa kila anayetoka Kongo. Karte inaanza kukubaliwa siku 10 baada ya sindano. Aliyechanjwa leo na kusafiri kesho anaweza kuzuiwa kupanda ndege, hata kama visa anayo. Tangu mwaka 2016 sindano moja inatosha kwa maisha yote. Basi karte ya zamani isitupwe.

Visa inaombwa kwa intaneti mbele ya kuondoka. Tangu tarehe 1 mwezi wa tano 2025 kuna pia fomu ya kuingia inchini, ya kujaza ndani ya siku 3 mbele ya kufika. Ni ya bure, hata kama kuna wanaoomba feza.

Baki njia. Tangu muji uingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa pili 2025, wengi wanavuka Ruzizi na kufuata ndege Kigali. Barabara inapita msitu wa Nyungwe, inakula saa nyingi. Mwenye tikiti avuke siku moja mbele.