Kuzama Katika Kazi Si Bahati

Ipo hali moja ya nafsi ambayo karibu kila mwenye ujuzi wa kazi fulani amepata kuionja, ijapokuwa ni wachache walioitia maanani. Fundi wa majahazi aliyeinamia ubao na tezo yake huitwa chakula akaitika, lakini asiinuke. Mshona nguo huketi kwenye cherehani baada ya sala ya adhuhuri, akashtushwa na adhana ya alasiri, naye anadhani ameketi kitambo kidogo tu. Hakuna aliyewashurutisha watu hawa. Njaa imesahauliwa, saa zimepita bila kuhesabiwa, na mikono inatenda kana kwamba inajua yenyewe la kufanya.

Wataalamu wa elimu ya nafsi wameipa hali hii jina la mtiririko, kwa kuwa wengi walioulizwa habari zake walisema walijihisi kama waliochukuliwa na maji ya mto. Aliyeijulisha dunia ni Mihaly Csikszentmihalyi, mtu wa asili ya Hungaria, aliyezaliwa mwaka 1934 katika mji wa Fiume, ambao leo unaitwa Rijeka na umo nchini Kroatia. Alihamia Marekani mwaka 1956, akasoma na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Chicago, na kufariki dunia mwaka 2021. Alipokuwa akichunguza wachoraji, alishangazwa na jambo moja: mchoraji akiwa kazini husahau njaa na uchovu, lakini picha ikiisha huiweka kando na kuanza nyingine. Basi kilichomvuta si picha wala fedha yake, bali ni kazi yenyewe. Mtaalamu huyo akaendelea kuwahoji wapanda miamba, wacheza sataranji, wacheza dansi na madaktari wa upasuaji, na kitabu chake cha kwanza juu ya jambo hili kilitoka mwaka 1975. Watu hao wa kazi mbalimbali walieleza hali moja ile ile.

Je, hali hiyo huletwa na nini? Uchunguzi huo ulitaja mambo matatu makubwa. Kwanza, mtu ajue hasa analolikusudia. Pili, kila atendapo aone papo hapo kama amepata au amekosa. Tatu, ugumu wa kazi ulingane na ujuzi wake. Kazi ikimzidi sana, huingiwa na hofu. Ujuzi ukiizidi sana kazi, huchoka kwa uvivu wa akili. Katikati ya hofu na uchovu ndipo penye njia.

Mwenye kutaka ushahidi wa karibu na autazame mchezo wa bao. Mashimo ni 32 na kete ni 64, nazo zote zi wazi mbele ya macho ya wachezaji wawili. Kusudi linafahamika. Mchezaji akisambaza kete zake, matokeo hayangoji kesho: amekula, ametakata, au kete ya mwisho imeangukia shimo tupu na zamu yake imelala. Tena bingwa hapendi kumchezea mwanafunzi, wala mwanafunzi hana raha mbele ya bingwa. Kila mmoja humtafuta wa kiasi chake. Mholanzi Alex de Voogt, aliyeutafiti ubingwa wa bao Zanzibar na kutoa kitabu chake mwaka 1995, aliona kwamba hapa pana kazi ya akili inayostahili kuchunguzwa na vyuo vikuu. Wazee wa barazani hawakuhitaji kuambiwa.

Sisi tuliopita katika vyuo vya Kurani kabla ya kuingia skuli za serikali tunaweza kuongeza ushahidi mwingine. Chuoni, kila mtoto alikuwa na sehemu yake. Huyu yumo katika alifu na be, yule yumo katika juzuu ya Amma, na mwalimu mmoja anawasikiliza wote. Aliyekosea alirekebishwa pale pale. Aliyehifadhi alisogezwa mbele siku ile ile. Tusikifiche kiboko kilichokuwepo, maana hofu nayo huua shauku. Lakini utaratibu ule wa kumpa kila mtoto mzigo wa kadiri yake ni hekima ambayo darasa lenye umati wa wanafunzi na somo moja kwa wote huikosa.

Wahenga walisema: kazi mbaya si mchezo mwema. Mwaka 1989 Csikszentmihalyi na mwenzake Judith LeFevre walitangaza uchunguzi wa wafanyakazi 78, waliopewa vifaa vya mlio, yaani peja, kwa muda wa juma moja. Kila kifaa kilipolia, mfanyakazi aliandika anafanya nini na anajionaje. Ilidhihirika kwamba mtiririko ulitokea zaidi wakati wa kazi kuliko wakati wa mapumziko. Hata hivyo, wafanyakazi hao walipokuwa kazini walitamani wangekuwa pengine!

Hapa ndipo penye fundisho kwa wote wenye kupanga kazi za wengine. Kibarua asiyejua shamba linakusudiwa nini, karani anayesukuma majalada asione yanaishia wapi, mwanafunzi anayepewa hesabu zilizo juu ya kimo chake: hawa huitwa wavivu, kumbe wamenyimwa masharti ya kuipenda kazi. Lakini jambo hili lisigeuzwe kisingizio. Raha ya kazi si badala ya ujira wa haki, na mwajiri asije akasema kwamba fundi wake ameshiba kwa kuzama kazini.

Yafaa pia tutahadhari, kwa sababu hali inayofanana na hii inaweza kutengenezwa kwa hila. Mwanazuoni wa Marekani, Natasha Dow Schüll, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu mashine za kamari za Las Vegas, aliwanukuu wacheza kamari waliomwambia kwamba hawachezi ili washinde, bali ili waendelee kuwamo katika usahaulifu ule. Huko nako saa hupotea na njaa husahauliwa. Tofauti iko wapi? Fundi akiinuka huacha jahazi, na mkono wake umezidi ujuzi. Aliyeinuka kwenye mashine ameacha fedha yake, wala hakujifunza kitu. Kijana tunayemlaumu kwa kuganda mbele ya mashine hiyo huenda hajapata hata siku moja kupewa kazi iliyomtaka awe hodari.

Basi mzazi, mwalimu na kiongozi wasitosheke na kuhimiza bidii kwa maneno. Na waulize: je, huyu ninayemtuma anajua anachokitafuta? Anaonyeshwa tokeo la kazi yake? Mzigo wake unamkuza, unamponda, au unamlaza? Mwenye kujibu maswali hayo matatu kwa haki atakuwa amefanya kazi kubwa kuliko hotuba nyingi.