Kwa nini pistoni inatoboka? Kabureta na moteri za mashua za mbio

Kila kijana aliyepita katika garaji ya Lubumbashi, Likasi ao Kolwezi anajua kabureta. Ameifungua, ameisafisha kwa esanse, amepuliza jikleri kwa kinywa, ameirudisha mahali pake, na moteri ikawaka. Basi anafikiri kabureta ni kitu kidogo. Leo tunataka kumpeleka mbali, mpaka Marekani, kwenye mashua za mbio, kwa sababu kule kabureta inafanya kazi ngumu kuliko gari lolote la huku kwetu. Kosa dogo linaonekana upesi: pistoni inatoboka tundu katikati kama sufuria ya zamani. Halafu tutarudi Tanganyika na Moero, kwa maana moteri ndogo za wavuvi zinakufa kwa ugonjwa ule ule, ila zinakufa polepole.

Tuanze na moto. Wazee wetu waliofua shaba katika nchi hii walijua kwamba mivukuto ikipuliza sana, makaa nayo yanahitaji kuongezwa. Upepo bila makaa hauyeyushi kitu. Moteri ya esanse ni vile vile. Kwa kila kilo 1 ya esanse, moteri inahitaji hewa karibu kilo 14.7 ili vyote viungue bila kubaki. Lakini hesabu hiyo ni ya kitabu. Ukitaka nguvu yote, unapunguza hewa mpaka kilo 12.5 hivi kwa kilo moja ya esanse. Na moteri yenye kupulizwa hewa kwa nguvu, mafundi wengi wanaipa kilo 11.5 tu. Ile esanse iliyozidi haipotei bure. Inapogeuka mvuke inachukua joto, inapoza silinda kama vile maji ya mtungi yanavyopoa kivulini.

Nani anapuliza hiyo hewa? Ni chombo tutakachokiita hapa kipulizio. Ndani yake mna rota mbili zinazozunguka zikipishana, kila moja ikichota hewa upande mmja na kuisukuma upande mwingine. Kilibuniwa na ndugu wawili wa Connersville, jimbo la Indiana, Philander na Francis Roots, waliopata hati yao mwaka 1860. Wachimbaji watapenda kusikia kwamba kazi zake za kwanza zilikuwa kupuliza moto wa viwanda vya kuyeyusha chuma na kupeleka hewa safi chini ya ardhi katika mashimo ya migodi. Kwa hiyo hicho chombo cha mbio ni ndugu wa karibu wa feni ya mgodi.

Katika mwaka 1938 General Motors ilianza kutengeneza moteri za dizeli za mfululizo wa 71, zenye kipulizio cha namna hiyo cha kufukuza moshi katika silinda. Ile ya silinda 6 iliitwa 6-71. Wakati wa vita kuu ya pili iliendesha mashua za kushusha askari pwani. Vita ilipokwisha, vipulizio vya 6-71 vilipatikana kwa bei ndogo, na vijana wa Marekani wenye kupenda mbio wakavifunga juu ya moteri za esanse za silinda 8, kwanza katika magari, kisha katika mashua. Mpaka leo kipulizio cha mashua ya mbio kinaitwa kwa namba ileile ya moteri ya dizeli.

Sasa tazama vile vinavyopangwa. Chini kuna moteri, tuseme Chevrolet 454, yenye lita 7.4. Juu yake kipulizio, kinachozungushwa kwa mkanda kutoka mbele ya moteri. Juu ya kipulizio, kabureta mbili, kila moja na makoo manne. Hewa inaingia kwanza katika kabureta, inabeba esanse, inapita katika kipulizio, ndipo inasukumwa katika silinda. Kule pwani ya bahari hewa inatukandamiza sisi sote kwa kilo 1 hivi kwa kila sentimeta mraba. Kipulizio kikiongeza nusu kilo, ile moteri ya lita 7.4 inameza hewa karibu kama moteri ya lita 11. Ni nguvu nyingi sana, lakini hewa iliyobanwa inapata moto. Kila aliyegusa pompu ya baiskeli baada ya kujaza magurudumu anaelewa.

Hapa njo tunafika kwenye shauri lenyewe. Kabureta nyingi za namna hii, kama zile za Holley, zina njia mbili za kutoa esanse ya kazi. Ya kwanza ni jikleri, tundu lenye kipimo, ambalo liko wazi siku zote. Ya pili ni klape ya nguvu. Wakati moteri inatembea kwa raha, inavuta kwa nguvu chini ya papiyo, na mvuto huo unaifunga klape. Dereva akifungua gazi yote, mvuto unaisha, ressori inasukuma klape, nayo inafunguka, esanse ya ziada inapita. Katika gari la kawaida ni mpango mzuri sana: unakula esanse nyingi wakati wa kupanda mlima tu.

Lakini weka kipulizio katikati. Kipulizio chenyewe kina kiu kubwa, kinavuta kutoka kabureta bila kuacha. Chini ya kipulizio kuna presio tayari, silinda zimejaa hewa mpaka kooni. Juu yake, chini ya kabureta, bado kuna mvuto. Klape inasikia mvuto huo na kusema moyoni: "Moteri iko inapumzika." Inabaki imefungwa. Kabureta imedanganywa! Hewa ni ya mbio, esanse ni ya matembezi. Moto unapanda, mchanganyiko unaanza kulipuka wenyewe mbele ya wakati wake, unasikia kugonga kama mawe ndani ya bidoni (kama unasikia, kwa maana mashua hizo zina kelele kali). Aluminiumu inayeyuka kwenye joto la digri 660, na moto wa ndani ya silinda unapita hapo mbali sana. Kinachookoa pistoni ni kupoozwa tu. Esanse ikipungua, kupoozwa kunapungua, na kugonga kunaondoa hata ile ngozi nyembamba ya hewa tulivu inayoikinga. Sekunde chache zinatosha.

Dawa yake ni tiyo ndogo. Fundi anaziba njia ya zamani ya mvuto wa klape, anatoboa nyingine, na kuiunganisha kwa tiyo mpaka chini ya kipulizio, mahali ambapo habari za kweli ziko. Tangu hapo klape inafunguka kwa saa yake. Kuna wengine wanaoziba klape kabisa na kuweka jikleri kubwa. Njia hiyo inaokoa pistoni, lakini kwa mwendo mdogo moteri inakunywa kupita kiasi, buji zinajaa masizi, na esanse inaosha mafuta kwenye kuta za silinda mpaka segimenti zinaisha. Kwa maoni yetu ni uvivu, ingawa ni uvivu wa mtu mwenye busara kuliko yule anayeacha klape idanganywe.

Kabla ya kugusa jikleri, fundi mzuri anatazama vitu vingine. Je, presio ya esanse inabaki sawa gazi ikiwa wazi yote, ao inaanguka? Kama pompu ni ndogo, jikleri hata kubwa namna gani haitasaidia. Flotere iko kwenye kimo chake? Mashua inaruka juu ya mawimbi na kuanguka, esanse inachafuka ndani ya kikombe cha kabureta. Kwa sababu hiyo kabureta za majini zimetengenezwa ili esanse ikifurika iangukie ndani ya koo, isimwagike nje juu ya moteri yenye moto. Na alimaji lazima irudishwe nyuma digri kadhaa kuliko ya moteri isiyopulizwa.

Tena kuna tofauti kati ya gari na mashua ambayo wengi wanaisahau. Gari linapata mteremko. Mashua haina mteremko. Maji yanaishika siku zote, ni sawa na lori lenye kupanda mlima toka asubuhi mpaka jioni. Kipimo cha esanse kilichofaa kwa gari kinaweza kuua moteri hiyohiyo ikifungwa katika mashua.

Hatari ya moto nayo ni nyingine. Mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa. Chini ya gari unatawanyika. Ndani ya mashua unakaa chini kama maji katika sufuria. Marekani sheria inalazimisha moteri za esanse zilizofungwa ndani ya mashua baada ya tarehe 25 aprili 1940 ziwe na chombo cha kuzuia ndimi za moto juu ya kabureta, maana moteri ikipiga chafya moto unatoka kwa juu. Na penye feni ya kutoa mvuke, inawashwa dakika 4 angalau kabla ya kugusa kontakti.

Turudi kwetu. Mvuvi wa Moba, Kalemie ao Pweto hana kipulizio. Ana moteri ya kufunga nyuma ya mashua, ya piga mbili, pengine ya farasi 15, 25 ao 40, na kabureta ya kawaida. Hata hivyo pistoni zinatoboka. Kwa nini?

Mara nyingi shauri linaanzia kwa patroni. Anakuja kwa fundi na kusema: "Fundi, moteri yangu inakunywa sana, unipunguzie." Fundi anaweka jikleri ndogo. Na ubaya ni huu: moteri yenye njaa kidogo inatembea vizuri sana. Inawaka upesi, moshi hauonekani, elisi inazunguka kwa furaha, patroni anasifu. Mateso yake hayasikiki. Siku 1 mashua imejaa watu na mizigo, gazi imefunguliwa saa nzima, na moteri inakufa katikati ya ziwa. Mashua isiyo na moteri inageuka ubavu kwa mawimbi, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini wa Tanganyika hauna huruma. Bidoni mbili zilizookolewa kwa mwezi haziwezi kulipa hata pistoni, tusiseme watu.

Kuna wengine wanaoongeza mafuta ndani ya esanse wakidhani wanalinda moteri. Moteri nyingi za namna hiyo zinataka lita 1 ya mafuta kwa lita 50 za esanse, na mara mbili yake wakati ni mpya. Ukizidisha mafuta, yanachukua nafasi ya esanse ndani ya jikleri, tena yanaufanya mchanganyiko kuwa mzito usipite upesi. Kumbe umeongeza mafuta na kupunguza esanse! Wenye kuchanganya petroli ya taa wanaleta kugonga kulekule kwa mashua za mbio.

Na kimo cha nchi pia. Ziwa Kivu liko mita 1460 juu ya bahari, Tanganyika mita 773. Juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo fundi wa Bukavu anaweza kuweka jikleri ndogo na kufanya vema. Moteri hiyo ikiuzwa Uvira, inakuta hewa nzito na jikleri ni ileile. Anayenunua moteri kutoka mahali pa juu aulize namba ya jikleri kabla ya kuuliza bei.

Kupima hakuhitaji mashine. Jaza mashua mzigo wake wa kweli, kaa karibu na pwani, chukua kasia. Fungua gazi yote dakika chache, kisha zima moteri palepale, bila kuiacha itembee polepole, kwa sababu mwendo mdogo unafuta ushuhuda. Toa buji, tazama ile porseleni. Rangi ya kahawa yenye maziwa ni njema. Nyeusi yenye masizi, esanse imezidi: utapoteza franga, lakini utafika. Nyeupe kama chokaa, ongeza namba ya jikleri siku hiyohiyo. Na ukiona vidoadoa vinavyong'aa kama fedha juu ya buji, hiyo ni pistoni yako iliyoanza kuyeyuka: usiwashe tena, piga kasia mpaka pwani.